N Iliyogeuka

Kutoka Mwanga barabara haiteremki, imeponyoka
kama ndoo kisimani, na sisi nyuma yake:
Bukuru na makopo yake ya rangi,
mimi na kisu cha kuparia magamba.
Ziwa liko kule chini. Halijatuona.

Amepewa ukuta karibu na stesheni,
achore historia ya mji kwa siku nne.
"Siku nne! Hata Mjerumani na reli yake alichukua miaka."
Na kila mtu ana lake.
Muuza mawese anataka mchikichi.
Karani wa tiketi anataka saa, ila isiseme ukweli.
Mzee mmoja wa Ujiji anataka minyororo,
mwanawe hataki, wamenuniana tangu Ijumaa.
Wengine: meli iliyozamishwa ikaibuliwa,
ichorwe ikiwa majini au juu ya maji?

Nikamwambia, kabla hujaandika, soma.

Tukasoma. Ukuta wa ghala la chumvi:
chokaa,
juu ya chokaa kijani cha uchaguzi,
juu ya kijani buluu ya kampuni ya simu,
juu ya buluu USIKOJOE HAPA FAINI 20,000,
na chini ya faini mchirizi, bado mbichi,
wa mtu asiyetishwa na maandishi.

Namtafuta baba yangu humo.
Hamimu, waliyemwita Rangimbili,
maana alikuwa na nyekundu na buluu, basi.
Hakujua kusoma. Siri hiyo
tuliijua mama, mimi na kuku.
Mteja akimwandikia neno kwenye karatasi ya sigara
alilikagua kama mgebuka sokoni:
hiki kichwa, huu mkia, hili pezi,
kisha analitia ukutani likiwa hai.
S zake zilikuwa na mimba.
O zake zilipakwa wanja.
N ndiyo iliyomshinda. Kila mara iligeuka,
na wenye bucha, wenye hoteli,
wakadhani ni mtindo mpya kutoka Bujumbura,
wakaongeza hela.

Tumeparua kuta kumi na moja.
Ya kumi na mbili, nyuma ya kibanda cha chipsi,
chini ya tangazo la mganga wa nguvu za kiume,
rangi ilibanduka kama ganda la yai:
K, I, halafu yeye,
ameipa stesheni mgongo, anatazama Kongo.
KINYOZI, lilisema neno.
Bukuru akavua kofia. Hakujua kwa nini, akaivaa tena.

"Na nyumba yenu ilikuwa wapi?"
Nilimwonyesha lami.

Mwaka ule wa kupanua barabara
watu wa ujenzi walitafuta mwenye rangi nyekundu.
Mia tano kila alama.
Baba alishuka mlima mzima, nyumba arobaini,
mikono ya kila alama sawasawa, hakuna iliyochuruzika;
majirani walimtukana, lakini waliona kazi safi.
Ya kwetu akaichora ya mwisho, magharibi imeshaingia.
Akanawa. Akaniita, nikiwa darasa la nne.
"Hii herufi inaitwaje?"
"Eksi. Haimo kwenye Kiswahili."
"Inasema nini?"
Nilisema, "Inasema tuhame."
Akaitazama muda mrefu,
kisha, kama mtu aliyepewa cheti,
"Basi leo nimesoma."

Stesheni. Ukuta mweupe, joto lake linachoma kiganja.
Bukuru amefungua kopo, ananipa brashi:
"Anza wewe. Andika jina la mji."
Nimeinua mkono, nikaushusha.
Kigoma haina N.
Nimehesabu tena kwa vidole, kama mtoto. Haina.

Ila ziwa, jina lake lote,
linazo mbili.
Nikasogea kushoto, nikaacha nafasi ya mji,
nikaanza na maji.